Mlango uliofungwa kwa jina la watoto

Sababu aliyopewa ilikuwa watoto.

Ilikuwa usiku wa Oktoba 11, 1977, katika Uwanja wa Yankee jijini New York. Mchezo wa kwanza wa fainali za besiboli za Marekani ulikuwa unaendelea. Mwandishi wa habari za michezo, Melissa Ludtke, aliyekuwa na umri wa miaka 26, aliitwa pembeni na ofisa wa kamishna wa besiboli. Alikuwa na kitambulisho halali cha waandishi, lakini akaelezwa kuwa hataruhusiwa kuingia katika chumba cha wachezaji baada ya mchezo.

Kwa nini? Wake wa wachezaji hawajaulizwa, aliambiwa. Tena, watoto wa wachezaji watachekwa na wenzao shuleni.

Waandishi wanaume hawakuambiwa lolote. Mchezo ulipokwisha, wao waliingia na yeye akabaki ukumbini.

Mzazi unayesoma haya, huenda besiboli huijui na New York ni mbali. Lakini sababu ile unaijua. “Watu watasema nini?” “Wenzako watakucheka.” Maneno hayo yamefunga milango mingi katika nyumba zetu, hasa kwa mtoto wa kike anayependa mpira kuliko tulivyotarajia. Ndiyo maana kisa cha mwanamke huyu kinafaa kujulikana na kila mzazi.

Mapenzi aliyoyapata kwa mama

Melissa alikulia katika mji mdogo wa Amherst, jimbo la Massachusetts, baba yake akiwa mhadhiri wa chuo kikuu. Besiboli aliipenda kupitia kwa mama yake, ambaye alikuwa shabiki kwelikweli. Kwa hiyo mapenzi ya michezo aliyapata nyumbani, tena kwa mwanamke.

Hakusomea uandishi wa habari. Alisoma historia ya sanaa katika Chuo cha Wellesley, chuo cha wanawake, akahitimu mwaka 1973. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa michezo uliowashangaza watu waliozungumza naye, na hamu ya kutaka kuufanya ujuzi huo uwe kazi.

Mwaka 1974 alipata nafasi Sports Illustrated, jarida kubwa la michezo nchini Marekani. Hakuanza kwa kuandika, bali kwa kuhakiki. Kila jina, kila tarehe na kila idadi ya mabao iliyoandikwa na mwandishi ilipaswa kukaguliwa kabla ya kwenda mtamboni. Wakati ule waandishi wengi wa jarida hilo walikuwa wanaume, na wanawake wengi waliishia kwenye uhakiki.

Ni kazi isiyo na sifa wala picha gazetini. Lakini ilimfundisha jambo ambalo waandishi wengi hujifunza kwa kuumbuka: usiandike usichokuwa na uhakika nacho.

Kwa nini chumba kile?

Hapa inabidi tueleze desturi ya kazi ya Marekani, maana bila hiyo kisa hakieleweki.

Kwenye soka tulilozoea, mchezaji akimaliza mechi hupita sehemu maalumu ambako waandishi humsubiri, au kocha huja kwenye mkutano na waandishi. Marekani haikuwa hivyo. Waandishi waliruhusiwa kuingia moja kwa moja katika chumba cha kubadilishia nguo, ambako mchezaji hukaa mbele ya kabati lake na kuulizwa maswali akiwa bado na jasho la mchezo. Huko ndiko habari yenyewe ilikokuwa. Kwa nini alikosa? Aliumia wapi? Kocha alimwambia nini? Mwandishi aliyebaki nje aliandika alichokiona kila mtu kwenye televisheni, na kesho yake hakuwa na kipya cha kumwambia msomaji.

Kwa hiyo Melissa hakuwa akiomba upendeleo. Alikuwa akiomba kufanya kazi aliyotumwa, kwa masharti yaleyale waliyopewa wenzake.

Na jambo moja husahaulika kila kisa hiki kinaposimuliwa. Kabla ya fainali hizo kuanza, wachezaji wa Los Angeles Dodgers walikuwa wamepiga kura wao wenyewe. Si wote waliokubali, lakini wengi wao walisema aingie, ni kazi yake. Wenye chumba walikuwa wameridhia. Waliokataa ni viongozi waliokaa ofisini.

Saa ya kungoja ukumbini

Wiki moja baadaye, Oktoba 18, ulichezwa mchezo wa sita. Usiku huo Reggie Jackson wa Yankees alifanya jambo ambalo mashabiki wa besiboli wanalisimulia hadi leo. Mara tatu alitupiwa mpira, na mara tatu, kwa pigo la kwanza tu, akaupeleka nje ya uzio. Kila pigo lilimtoka mtupaji tofauti. Yankees wakatwaa ubingwa.

Kila mwandishi alimtaka Jackson. Melissa alipewa msindikizaji wa kumwitia wachezaji nje, mmojammoja. Alisimama ukumbini karibu na mlango, watu wakipita wakimsukuma, huku ndani kukisikika shangwe za ubingwa. Alingoja zaidi ya saa nzima. Jackson alipotoka alikuwa hoi, amekwishasema yote aliyokuwa nayo ya kusema. Hakuwa na mazungumzo mengine.

Wenzake walirudi na maneno ya shujaa wa usiku ule. Yeye alirudi na daftari jeupe.

Hivi ndivyo ubaguzi mwingi unavyofanya kazi. Hakuna aliyemtukana. Alipewa kiti uwanjani, kitambulisho na hata mtu wa kumsindikiza. Alichonyimwa ni kitu kimoja tu, na kitu hicho ndicho kilichoifanya kazi iwe kazi.

Jaji aliyeijua milango iliyofungwa

Desemba 29, 1977, kampuni iliyomiliki jarida hilo, Time Inc., pamoja na Melissa, walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho jijini New York. Miongoni mwa walioshtakiwa ni kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, klabu ya Yankees na mamlaka za jiji.

Jiji liliingiaje? Kwa sababu uwanja ulikuwa mali ya jiji, na ulikuwa umekarabatiwa kwa fedha za umma katikati ya miaka ya 1970. Hoja ya mawakili ilikuwa nyepesi kuielewa. Kama uwanja ni wa umma, kama ulivyo kwetu Uwanja wa Benjamin Mkapa, basi anayeutumia hawezi kuweka masharti yanayombagua raia kwa jinsia yake. Katiba inamlinda kila mtu kwa usawa.

Kesi iliangukia mikononi mwa Jaji Constance Baker Motley. Huyu alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuteuliwa kuwa jaji wa shirikisho nchini Marekani, mwaka 1966. Kabla ya hapo alikuwa wakili wa kesi za haki za weusi, na ndiye aliyempigania James Meredith hadi akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962, chuo ambacho kilikuwa hakipokei wanafunzi weusi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amesikiliza watu wakieleza kwa upole kwa nini mlango fulani hauwezi kufunguliwa.

Upande wa besiboli ulitoa sababu zake. Walisema wanalinda faragha ya wachezaji. Walisema wanalinda sura ya besiboli kama mchezo wa familia. Walisema wanatetea staha kama jamii ilivyoizoea.

Hukumu ilitoka Septemba 25, 1978. Jaji hakudharau faragha ya wachezaji. Alisema tu kwamba inaweza kulindwa bila kumfukuza mwanamke kazini. Taulo zipo. Pazia linaweza kuwekwa mbele ya sehemu ya kuvulia. Tena, kamera za televisheni zilikuwa zikiingia chumbani humo baada ya mchezo, na nyumbani wanawake walikuwa wakitazama. Kama kamera iliweza kuingia na staha ikabaki, mwandishi mwenye kalamu alivunja nini?

Uamuzi huo uliufungua Uwanja wa Yankee. Viwanja vingine vilifuata kimoja baada ya kingine, hadi mwaka 1985 ambapo kamishna mwingine, Peter Ueberroth, aliagiza timu zote za ligi kuu ya besiboli ziwape waandishi wote nafasi sawa.

Na kama ni binti yangu?

Tusijidanganye. Mzazi wengi hapa watauliza: je, mimi ningependa binti yangu aingie chumba ambamo wanaume wanabadilisha nguo?

Ni swali la haki, na wala si la kizamani. Staha ni malezi, na kila jamii ina mipaka yake. Lakini itazame vizuri kesi yenyewe. Mahakama haikusema wanaume wavue mbele ya wanawake. Ilisema kanuni iwe moja. Mnataka kulinda faragha? Vizuri, wapeni wachezaji muda wa kuoga na kuvaa, kisha fungueni mlango kwa wote. Au wafungieni waandishi wote nje, mkawaletee wachezaji ukumbini. Njia zote hizo zina staha, na zote zina haki. Isiyo na haki ni ile ya kumfungia mmoja na kuiita staha.

Soka inaonyesha kuwa jambo hili halina ugumu. Kwenye Kombe la Dunia waandishi wanaume na wanawake husimama nyuma ya kizuizi kimoja, wakinyoosha vinasa sauti vyao kwa mchezaji yuleyule. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na hakuna aliyekosa habari.

Kwa hiyo mzazi akiona jambo linamzuia binti yake, asiulize tu kama lina staha. Aulize pia: je, kaka yake naye amezuiwa?

Uwanja ni kioo cha nyumba

Wapo wanaosema michezo ni michezo tu. Historia haiwaungi mkono.

Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Sheria ile haikuandikwa kwa ajili ya michezo, lakini uwanjani ndiko matokeo yake yalikoonekana haraka. Wakati inapitishwa, wasichana waliocheza katika timu za sekondari nchini humo walikuwa chini ya 300,000. Leo ni zaidi ya milioni 3. Wasichana hawakubadilika damu. Kilichobadilika ni nafasi waliyopewa.

Mwaka uliofuata, 1973, Billie Jean King alimshinda Bobby Riggs kwenye tenisi kwa seti tatu mfululizo, baada ya Riggs kujigamba kuwa mwanamke hamwezi mwanamume. Katika hali hiyo ndipo Melissa alipoanza kazi. Nchi nzima ilikuwa ikibishana mwanamke anakaa wapi, na mabishano hayo yalifika hadi kwenye mlango wa chumba cha wachezaji.

Kwetu pia uwanja unasema mengi. Twiga Stars walifika fainali za Afrika mwaka 2010 nchini Afrika Kusini. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake mwaka 2022. Mwaka 2020 Simba ilimteua mwanamke, Barbara Gonzalez, kuwa ofisa mtendaji mkuu wa klabu. Matukio hayo yalihitaji mtu wa kuyaandika na kuyatangaza. Mchezaji wa kike anapofunga bao na hakuna wa kumuuliza alijisikiaje, bao lile linasahaulika kabla ya wiki kuisha. Na msichana wa darasa la sita hawezi kutamani kitu ambacho hajawahi kukisikia redioni.

Sheria haimalizi kazi

Itakuwa uongo kumwambia mzazi kwamba baada ya hukumu mambo yalinyooka.

Melissa alichekwa nchi nzima. Wachora katuni walimchora, wachekeshaji wakamfanyia mzaha, na waandishi wanaume waliandika kana kwamba alichokitaka ni kutazama miili ya wanaume, si kufanya mahojiano. Kashinda mahakamani, lakini jina lake likawa dhihaka kwa muda mrefu. Kumbuka sababu ya awali: watoto watachekwa. Mwishowe aliyechekwa ni yeye, na waliocheka walikuwa watu wazima.

Miaka 12 baada ya hukumu, mwezi Septemba 1990, mwandishi wa gazeti la Boston Herald, Lisa Olson, alidhalilishwa na wachezaji kadhaa wa New England Patriots akiwa kazini katika chumba chao. Ligi ilichunguza na kutoza faini. Lakini mashabiki walimzomea na kumtishia yeye, si waliomdhalilisha. Hatimaye alihamia Australia kuendelea na kazi.

Mzazi hapaswi kuficha mambo haya. Binti anayetaka kazi hii ajue kuwa anaweza kudhalilishwa, na ajue mapema kwamba akidhalilishwa kosa si lake.

Aliyeambiwa anaumiza watoto

Melissa aliondoka Sports Illustrated mwaka 1979. Alifanya kazi ya televisheni, kisha akajiunga na jarida la Time. Huko, pamoja na mambo mengine, aliandika sana kuhusu watoto na familia. Mwanamke aliyeambiwa kuwa uwepo wake utawaumiza watoto wa wachezaji ndiye aliyetumia miaka mingi kuandika habari za watoto wasio na wa kuwasemea.

Mwaka 1997 alitoa kitabu kuhusu kina mama wanaolea watoto bila ndoa nchini Marekani. Mwaka huohuo yeye mwenyewe akawa mama, alipomwasili mtoto wa kike kutoka China. Baadaye, kuanzia 1998 hadi 2011, alikuwa mhariri wa Nieman Reports, jarida la wanahabari linalotolewa na taasisi iliyo Chuo Kikuu cha Harvard. Kitabu chake kuhusu kesi ile, Locker Room Talk, kilitoka mwaka 2024, akiwa na zaidi ya miaka 70.

Ukiiangalia kazi hiyo yote, besiboli ilikuwa sehemu ndogo tu. Lakini ndiko alikojifunza kuhakiki, kuuliza, kungoja na kutokubali jibu lisilo na mantiki. Michezo ilikuwa shule yake.

Mzazi aanzie wapi?

Kama nyumbani kwako kuna binti anayezijua safu za Simba na Yanga kuliko kaka zake, au anayetangaza mechi akiwa ameshika mwiko kama kipaza sauti, usimnyamazishe. Huhitaji fedha nyingi kumsaidia.

Mpe daftari. Kila mechi aandike waliofunga, dakika, na nani aliingia kuchukua nafasi ya nani. Kesho yake alinganishe na gazeti. Akikuta tofauti, atafute nani kakosea. Huo ndio uhakiki ambao Melissa alianza nao, na ni zoezi zuri hata kwa mtoto atakayekuja kuwa mhasibu au daktari.

Msikilize akieleza mechi. Muulize “kwa nini” na usiridhike na “kwa sababu wamefungwa”. Mtoto anayezoea kueleza sababu hujifunza lugha, na lugha ndiyo zana ya kazi hii.

Mpeleke uwanjani, hata wa shule au wa mtaa, mechi ya wasichana ikiwemo. Na kama mama ndiye anayeupenda mpira, asione haya kuupenda mbele ya watoto.

Zungumza naye kuhusu usalama bila kumtisha. Akianza kwenda mazoezini au kwenye vipindi vya redio, ujue anakwenda na nani, anarudi saa ngapi, na kiongozi wake ni nani. Mwambie wazi: mtu mzima akimgusa, akimtumia ujumbe wa ajabu au akimwahidi nafasi kwa siri, aje aseme nyumbani na hatagombezwa.

La mwisho ni gumu zaidi, kwa kuwa linatuhusu sisi. Kabla hujamwambia hapana, jiulize unamlinda yeye au unaogopa majirani. Wakati mwingine jibu litakuwa unamlinda kweli, na hapo simama imara. Lakini mwaka 1977 watu wazima walisema watoto watachekwa shuleni, na hakuna popote walipoonyesha kwamba waliwauliza watoto wenyewe.

Wa kwako yupo hapo sebuleni. Muulize.